Siku Shangazi Alipokwenda Kuomba Mbegu

Shangazi huwasemesha watu wasioonekana. Kila asubuhi, kabla hajamsalimu yeyote nyumbani, huingia chumba chake cha kazi, hushusha chupa ya kioo kutoka kwenye rafu, hufungua kifuniko, huingiza pua na kuuliza, "Mmeamkaje, wanangu?" Harufu ikiwa ile anayoitaka, tunamsikia akicheka peke yake. Ikiwa siyo ile, siku hiyo nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole.

Kilichomo kwenye chupa hiyo ndiyo mbegu. Asiyejua ataona maziwa mazito tu, lakini mle mna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao Shangazi amewalisha na kuwatunza tangu kabla sijazaliwa. Ukitia kijiko chao kwenye sufuria ya maziwa ya uvuguvugu, kesho yake una mtindi. Ukibakiza kijiko cha mtindi huo, una mbegu ya kesho kutwa. Basi inaendelea hivyo, kama moto unaoazimwa jiko kwa jiko usizimike.

Mtaani wanamwita Mama Mbegu. Chumba chake kilikuwa stoo. Alitoa makorokoro yote, akabandika vigae vyeupe alivyoomba masalio kwa mafundi ujenzi, hakuna safu mbili zinazolingana, akapigilia wavu dirishani na kuweka jiko, sufuria mbili kubwa na ndoo zenye vifuniko. Ukiingia na viatu unafukuzwa kama kuku. Friji tunalo pia, tena kubwa, lakini umeme wa kwetu ni mgeni asiyeaga, kwa hiyo friji tumeligeuza kabati la vifuniko. Ndoo za mtindi hukaa sakafuni kwenye kivuli, zimefunikwa blanketi, na haziharibiki.

Watu walikuwa wakimuuliza, inakuwaje hauharibiki? Naye alikuwa na jibu lake, analitoa huku anafuta meza.

"Maziwa yakishachemka yanakuwa nyumba tupu. Na nyumba tupu haikai tupu, mwenzangu. Usipoweka wapangaji wako mapema, wataingia wezi. Mimi nawawahisha wapangaji wangu. Wanakula chakula chote kilichomo, wanamwaga uchachu kila pembe, mwizi akichungulia anakuta hapakaliki."

"Na wakiingia wezi kabla?"

"Basi hapo usiniulize mimi. Muulize daktari wa tumbo."

Wezi hao aliwajua vizuri. Mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni baba mzima mwenye kitambi, alipokuwa mchanga alikunywa maziwa yaliyochemshwa asubuhi na kuachwa mezani hadi jioni. Hayakuwa na harufu, hayakuwa na dalili. Mtoto alikauka kama jani. Shangazi alikaa kwenye benchi la wodi ya watoto akimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na hakuthubutu kufumba macho. Mtoto alipona. Lakini tangu hapo maziwa hayakulala tena peke yao katika nyumba yake.

Sasa wodi ile ile ndiyo iliyokuwa inautaka mtindi wake, na mambo yalianza kwa mtu kusahau.

Kuna binti anayefanya kazi maabara ya kupima vyakula. Sisi tunamwita Dada wa Maabara, ana miwani na mwendo wa haraka kama anayechelewa gari. Siku moja alinunua kifuko cha mtindi kwetu, akakitia kwenye droo ya meza yake, akaenda likizo. Aliporudi aliivuta droo huku ameziba pua, tayari kwa msiba. Akakuta mtindi. Mkali, wa kukunja uso, lakini mtindi. Yeye si mtu wa kutupa kitu hivi hivi. Aliupima, kisha akaja kwetu na kikasha cha barafu kuomba mbegu kidogo.

"Mama, nataka kuwachokoza," alimwambia Shangazi.

"Uwachokoze nani?"

"Hawa wako. Nitawatilia bakteria wabaya makusudi, wale wa kuharisha na wa homa ya matumbo, nione nani atashinda."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeombwa mtoto akacheze na simba. Lakini alimpa. Dada wa Maabara aliporudi hakubisha hodi hata kidogo, aliingia anacheka. Kwenye maziwa matupu wabaya walikuwa wamezaana kama mchanga. Kwenye maziwa yenye mbegu walipungua siku baada ya siku hadi hakuonekana hata mmoja. Akatueleza kwamba si uchachu peke yake. Bakteria wa Shangazi wanatoa na kitu kingine, kama sumu ndogo inayowatoboa wabaya lakini haimdhuru mtu, na si kila mbegu ya mtindi inaweza hivyo.

"Kwa hiyo wanangu wana silaha," Shangazi alisema.

"Wanazo, mama. Ila usije ukazembea na sabuni."

"Nizembee? Mbegu si mganga, binti yangu. Mwizi akiwa ndani na familia yake yote, mpangaji mmoja atafanya nini?"

Dada wa Maabara ndiye aliyemleta Mpishi Mkuu wa hospitali. Jiko lao lilikuwa na shida kama yetu, umeme unakatika, maziwa yanaharibika, na mtoto aliyekwisha kupata nafuu anaanza upya. Wakakubaliana. Mbegu ya Shangazi itajaribiwa tena, safari hii ndani ya maziwa ya jikoni mwa hospitali na kwenye ndoo zao wenyewe. Ikishinda, watoto wa wodi ile watapewa mtindi wake kila siku. Mpishi Mkuu akasema atakuja kwanza kuona chumba.

Shangazi alikosa usingizi kwa furaha. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Na katika pilikapilika hizo ndipo alipovunja sheria yake mwenyewe.

Sheria ni hii: mbegu hukaa kwenye chupa mbili, na chupa mbili hazilishwi maziwa ya ndoo moja. Leo unailisha hii kwa maziwa ya huku, siku nyingine ile kwa maziwa ya kule. Nimemwona akiifuata hata akiwa na homa, anajikokota ukutani. Lakini asubuhi ile Mpishi Mkuu alikuwa njiani, jiko linawaka, muuza maziwa wa pili amechelewa, na maziwa ya Baba Pacha, muuza maziwa wetu wa kwanza, yalikuwa pale, meupe, matamu, ya uvuguvugu. Akazilisha chupa zote mbili kutoka sufuria ile ile. Kisha akatia mbegu kwenye sufuria kubwa ya mtindi wa kuonjwa hospitali, akafunika blanketi, akavua aproni na kwenda kumpokea mgeni.

Mpishi Mkuu alikagua, akanusa, akapitisha kidole juu ya rafu asione vumbi. "Mama, jiko langu mimi halijafikia hapa," alisema. Shangazi alitembea siku nzima kama aliyepewa kiti cha mbele.

Kesho yake akafungua chupa. "Mmeamkaje, wanangu?"

Hakucheka.

Nilisogea mlangoni. Alikuwa ameinamisha chupa na maziwa yanacheza kama maji. Akafungua ya pili, nayo vivyo hivyo. Kwenye sufuria kubwa hakukuwa na hata utando. Akaongeza blanketi, akasogeza sufuria karibu na ukuta wenye joto, akasubiri. Jioni yalikuwa bado maziwa. Siku iliyofuata yalianza kutoa harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo.

"Wezi wamefika," Shangazi alisema taratibu.

Baba Pacha, yule muuza maziwa, alikuja na ndoo zake akakuta hali hiyo. Ni mtu mwema, mnene, ambaye pacha wake wamekwisha kuoa lakini jina halijamtoka. Alikuna kichwa. "Lakini Mama Mbegu, kamulia ndimu tu. Yataganda sasa hivi, yatakuwa meupe mazuri. Nani atajua?"

"Matumbo ya watoto yatajua."

"Nasema tu."

"Na mimi nakujibu tu. Ndimu ni sura ya mtindi bila roho yake. Ndani hakuna mlinzi. Nimpelekee mtoto mgonjwa nyumba ya wezi iliyopakwa chokaa?"

Akaikokota sufuria yote hadi shimo la nyuma ya nyumba na kuimwaga. Baba Pacha alitaka kusaidia, akaambiwa asiguse.

Dada wa Maabara alikuja na vijikaratasi vyake vya kupimia maziwa. Alichovya kimoja katika maziwa yaliyobaki kwenye chupa, akakitazama, akachovya kingine. Kisha akamgeukia Baba Pacha. "Mzee, ng'ombe gani amechomwa sindano?"

Baba Pacha akaapa kwamba maziwa ya ng'ombe huyo aliyatenga. Kiwele chake kilivimba, daktari wa mifugo akamchoma antibayotiki na kuagiza maziwa yamwagwe mpaka dawa iishe mwilini. Yeye akawa anayakamulia kwenye ndoo yake peke yake, pembeni. Akampigia simu mkewe, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Ile ndoo ya pembeni uliifanya nini?"

"Ipi? Iliyojaa? Nilichanganya na ya Mama Mbegu. Nilisikia uchungu kumwaga maziwa mazuri vile. Na Mama Mbegu si anachemsha? Kwani kuna nini?"

Baba Pacha alifumba macho. Dada wa Maabara akasema kwa upole, "Kuchemsha kunaua bakteria, hakuui dawa. Na dawa hiyo haichagui, inaua wema na wabaya. Wema walikuwa wamo tayari, wamekufa wao. Wabaya wakaja baadaye dawa ilipopungua nguvu, wakakuta nyumba tupu."

Nilidhani Shangazi angemrukia Baba Pacha. Nimemwona akimfokea mtu kwa kifuniko kilichowekwa kifudifudi. Lakini alizichukua zile chupa mbili, akaziosha, akazipangusa, akazirudisha kwenye rafu zikiwa tupu. "Mkeo alikosea kwa kutojua," alisema. "Mimi nilikosea kwa kujua. Nani aliwaweka wote sahani moja? Ni mimi." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kushika tama.

Dada wa Maabara alijaribu kumtuliza. Mbegu ya kiwandani ipo, anaweza kuagiza, itagandisha vizuri kabisa.

"Itagandisha," Shangazi aliitikia. "Lakini ndio hawa uliowaona wakipigana?"

"Hapana, mama. Siwezi kukudanganya. Wale ni wengine."

"Na kule kwako hukubakiza hata kijiko?"

"Nilibakiza kwenye friza. Umeme ukakatika siku nzima, na kikishayeyuka hivyo siruhusiwi kukitumia." Akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na ukungu. "Samahani, mama."

Jaribio la hospitali lilikuwa limebakiza wiki. Kwa hiyo ikabidi kutafuta. Shangazi hakuwahi kumnyima mtu mbegu, alikuwa anaigawa kama salamu. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba chupa tupu. Nyumba ya kwanza walikuwa wameinywa. Ya pili walikuwa wameichanganya na mtindi wa dukani, na Shangazi alipounusa akarudisha kikombe kwa heshima, kama mtu anayerudisha picha ya mtu asiyemjua. Nyumba ya tatu mwenye nyumba alicheka hadi akajifuta machozi. "Mama Mbegu! Nitunze ya nini, na mimi kila nikiishiwa nakuja kwako?"

Na ndivyo walivyosema wote. Kwa kuwa yeye alikuwa nayo siku zote, hakuna aliyeona haja ya kuwa nayo.

Tulirudi nyumbani vumbi hadi magotini. Nilikuwa najua kitu, na nilikuwa nimekinyamazia njia nzima kwa kuogopa kukitamka. Nilipoona ameanza kukunja blanketi la ndoo kama anayelipeleka kabatini moja kwa moja, nikasema, "Kwa Bi Mdogo ipo."

Blanketi likasimama hewani.

Bi Mdogo ni mke wa Fundi Redio. Na Fundi Redio, kabla hajawa mume wa Bi Mdogo, alikuwa mume wa Shangazi. Aliondoka zamani na masanduku mawili, begi la vifaa na chupa ya mtindi. Nyumba yao ni barabara ya pili tu kutoka kwetu, lakini Shangazi huzunguka hadi barabara ya nne ili asipite mlangoni. Na jina la Bi Mdogo halijawahi kutoka kinywani mwake. Akilazimika kabisa, husema "yule".

"Umejuaje?" aliniuliza.

"Fundi hunywa mtindi dukani kwake mchana. Nilipeleka redio ya jirani kutengenezwa. Harufu ni ya kwetu."

"Heri nilambe sakafu ya stendi," Shangazi akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Lakini asubuhi nilimkuta amevaa gauni lake la kutokea na viatu vya kisigino vinavyombana. Alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili. "Twende," alisema. "Watoto wa wodini hawamjui aliyeniacha wala aliyeachwa."

Alipofika mlangoni kwa Bi Mdogo aliinua mkono kubisha, akaushusha, akatengeneza kola, akauinua tena.

"Hodi humu."

"Karibu, pi..." Mlango ukafunguka na neno likakatikia hapo. Bi Mdogo ni mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza. Mkononi alikuwa na mwiko. Akatutazama, akatazama na kule nyuma yetu barabarani, kama anayetafuta gari la msiba. "Kuna aliyefariki?"

"Wamefariki wengi," Shangazi alijibu. "Lakini si wa kuzikwa."

Tukakaribishwa ndani. Kulikuwa na makochi mawili na redio zilizofunguliwa matumbo kila mahali. Shangazi alikaa kwenye ncha ya kochi na kueleza yote, ng'ombe, sindano, ndoo, wodi. Hakujipamba wala hakuruka kosa lake. Alieleza akiwa amekazia macho chupa aliyoipakata, hadi akafika mwisho. "Nimekuja kuomba mbegu, kama unayo. Kijiko tu."

Bi Mdogo aliuweka mwiko mezani. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha sana.

"Kama ninayo! Dada, nimeolewa na mbegu yako. Siku ya kwanza nafika nyumba hii, mume wangu ananionyesha chupa kabla hajanionyesha chumba. 'Usiitie kijiko chenye unyevu.' Nikasema sawa. 'Maziwa yakikuunguza kiwiko, yatawaua.' Sawa. 'Weka chupa mbili, usizilishe ndoo moja.' Sawa! Kila nikikosea: 'Mwenzako hafanyi hivyo.' Nimeishi na sheria zako miaka yote hii kama mama mkwe."

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye chupa. "Nani kakwambia hayo?"

"Nani mwingine? Yeye."

"Yule mwanamume? Nilikuwa nikimweleza habari za mbegu anajaza masikio redio! Anaitikia 'mhm, mhm'. Nilijua naongea na ukuta."

"Ukuta huo umesikia kila neno."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa na Fundi Redio mwenyewe akaingia, ameshika mkate. Aliona kochi la kushoto, akaona la kulia.

"Nimesahau bisibisi dukani," alisema, akatoka kinyumenyume na mkate wake.

Walitazamana wale wawili, na kwa mara ya kwanza walicheka kitu kimoja.

Bi Mdogo alikwenda jikoni, akarudi na chupa mbili, akaziweka juu ya meza ndogo. Shangazi alifungua moja. Alikaa na pua ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alipoinua uso akasema, "Wamenenepa."

"Nawapa maziwa mazuri."

"Inaonekana."

"Utachukua," Bi Mdogo alisema, "lakini nina sharti."

Shangazi akanyooka. Nikajua anajiandaa kwa kitu kigumu. Mimi pia nilijiandaa.

"Najua mtaani unaniita 'yule'. Sikukuibia mume, dada. Nilimkuta ameshakaa peke yake, anajipikia uji wenye madonge. Hilo uamini au usiamini, hiari yako. Lakini nina jina. Ukiniomba mbegu, niite."

Redio moja iliyokuwa mezani ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Shangazi aliweka kifuniko juu ya chupa, akakizungusha hadi kikakaza. Akamwita Bi Mdogo kwa jina lake, lile la kuzaliwa, ambalo sikujua kama analijua. "Nipe mbegu, mdogo wangu," alisema. "Nakuomba."

Akapewa chupa nzima.

Sasa ikabaki swali ambalo hata Dada wa Maabara hakuweza kulijibu kwa kutazama: je, ni wale wale? Miaka mingi katika nyumba nyingine, kwa maziwa mengine na mkono mwingine. Huenda walikuwa wameingiliana na wageni, wakabaki na harufu ya zamani bila silaha. Shangazi mwenyewe alipeleka mbegu jikoni mwa hospitali. Aliyachemsha maziwa yao kwenye sufuria yao, akasubiri, akajidondoshea tone kiwikoni kupima joto, akatia kijiko kikavu. Dada wa Maabara akachukua kiasi na kwenda kuwachokoza na wabaya kama alivyofanya mara ya kwanza.

Siku za kusubiri Shangazi alikuwa hasemeshi chupa. Aliilisha na kufunika tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Siwezi kumwita mtu mwanangu kabla hajanitambua." Baba Pacha alikuwa anakuja kila asubuhi na maziwa, anayaacha mlangoni na kusema kwa sauti ya juu kama anayetoa ushahidi: "Hakuna aliyechomwa! Wote wazima!" Shangazi aliyapokea. Ila kabla hayajakaribia mbegu, alikuwa akitia kijiko cha mtindi wa jana kwenye kikombe cha maziwa hayo mapya na kungoja. Kikombe kikiganda, ndoo inaruhusiwa kuingia. Kisipoganda, inarudi kwa mwenyewe. Hilo ni jipya, amelibuni baada ya msiba, na Dada wa Maabara alipoliona akasema atalifundisha kwa wafugaji wote anaowatembelea.

Siku ya majibu tulikwenda watatu, kwa sababu Bi Mdogo alitukuta njiani na kusema anaelekea huko huko. Hakuna aliyemuuliza huko ni wapi. Dada wa Maabara alitupa makoti meupe, langu likaburuza chini, akaweka mbele yetu visahani viwili vya plastiki vyenye vifuniko.

Cha kwanza kilikuwa kimejaa vidoa, vimebanana kama pilipili manga iliyomwagika. "Haya ni maziwa bila mbegu. Kila kidoa ni ukoo mzima wa wabaya."

Cha pili kilikuwa kitupu. Shangazi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza upande huu na huu.

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndiyo majibu yenyewe, mama. Hakuna kitu."

Maisha yake yote alikuwa amewajua kwa pua na kwa ulimi. Hakuwahi kuona kazi yao kwa macho, na kazi yao ilikuwa ni huo utupu. Alikishika kisahani muda mrefu. Bi Mdogo akasogea, akakitazama naye juu ya bega la mwenzake, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Dada wa Maabara alijifanya anatafuta kalamu.

Mtindi ulianza kwenda wodini juma lililofuata. Mpishi Mkuu anasema watoto huukunjia uso kwanza, kisha huomba tena. Shangazi hupeleka ndoo mwenyewe. Hufika hadi mlangoni pa wodi, huchungulia benchi, huona nani amekaa na kijiko mkononi, kisha hugeuka bila kusema. Sijawahi kumwona mtu anayefanya jambo kubwa kwa kelele ndogo vile, na huyu ni mwanamke ambaye sauti yake nyumbani inavuka ukuta.

Jioni moja Bi Mdogo alikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompa alama nyingi. Shangazi alishusha chupa mbili kutoka kwenye rafu, zote zimejaa, zote nzito. Akamkabidhi moja.

"Hii ikae kwako. Zisilale tena nyumba moja. Na tafadhali, usije ukailisha maziwa ya Baba Pacha."

"Nani kakwambia nanunua kwa Baba Pacha? Nina mtu wangu."

"Nani?"

Bi Mdogo akafikiri. "Si lazima ujue."

Shangazi alikuwa amekwisha kuinua kidole apinge. Akakishusha polepole, uso ukamfunguka.

"Umesema kweli," akasema. "Usiniambie. Nikimjua, siku ya haraka nitanunua kwake. Hata nikikubembeleza, usiniambie kabisa."